Premio sawa, ila ni Premio ipi? Kujua injini iliyomo kwa dalili, kabla hujatoa hela na ukishatoa

Wakuu, huku kwetu mtu akienda kununua gari la mtumba anauliza bei, anauliza ni namba C au D, anakagua rangi kama imerudiwa, anapiga teke tairi, halafu injini anaiuliza mwisho kabisa akiwa ameshaipenda gari, na jibu analopewa na dalali ni lile lile, "VVT-i hiyo boss, inanusa tu mafuta". Sasa VVT-i sio injini. Ni mfumo wa kusogeza taiming ya vavu (muda wa vavu kufunguka na kufunga), upo kwenye injini ya Vitz ya cc 1000 na upo kwenye Harrier ya cc 3000, kwa hiyo aliyekuambia VVT-i hajakuambia kitu.

Na shida nyingi zinazoletwa gereji kuanzia Ipogolo ya Iringa mpaka Mwanjelwa ya Mbeya, ukizichimba unakuta sio ubovu tu, ni mtu ana injini asiyoijua. Jina la nyuma ya gari ni moja, ndani zinaweza kuwemo injini tatu tofauti zenye tabia tofauti na magonjwa tofauti. Hapa naenda kwa dalili, lakini kwanza kibati maana bila hicho tutakuwa tunabahatisha.

Anza na kibati

Kila Toyota iliyotoka Japani ina kibati cha kiwandani, mara nyingi kimefungwa kwenye ule ukuta wa bati nyuma ya injini, ukifungua boneti unakiona, nyingine kipo kwenye nguzo ya mlango wa mbele. Kimeandikwa MODEL, ENGINE, FRAME NO., rangi, na chini TRANS/AXLE. Kifute vumbi, kipige picha, weka kwenye simu.

Mstari wa MODEL utakuta kitu kama UA-NZT240 ikifuatiwa na herufi nyingine. Zile za mwanzo kabla ya kistari (E, GF, TA, UA, CBA, DBA) ni mambo ya sheria zao za moshi huko Japani, zirushe. Kinachotakiwa ni NZT240, na siri iko kwenye herufi za mwanzo: NZ ndio injini, T240 ndio bodi. Ukijua hilo umemaliza nusu ya kazi. NZT240 ni Premio au Allion yenye 1NZ-FE ya cc 1500, ZZT240 ni bodi ile ile ila ndani kuna 1ZZ-FE ya 1800, na AZT240 ni bodi ile ile tena ila ndani kuna 1AZ-FSE ya 2000. Ukizisimamisha Mafiati pale zote tatu nyeupe huwezi kuzitofautisha kwa macho, na mwenye AZT240 anaweza kukuuzia akiiita "Premio ya kawaida" na hajadanganya.

Toyota wakati mwingine wanakata herufi ibaki moja. IST ni NCP60 na NCP61, N ni ile NZ. RAV4 za 2000 mpaka 2005 ni ZCA26 (1ZZ, 1800) au ACA21 (1AZ, 2000). Wish ni ZNE10 kwa 1800 na ANE10 kwa 2000. Harrier ya kwanza ni SXU10 kwa 5S-FE ya silinda nne na MCU10 kwa 1MZ-FE ya V6. Noah ya zamani ni SR40 au SR50 kwa 3S-FE ya petroli, CR40 au CR50 kwa dizeli ya 3C-T, na Noah iliyofuata ni AZR60 au AZR65. Mark II ni GX110 kwa 1G-FE, JZX110 kwa 1JZ. Angalia herufi A peke yake maana inaweza kuwa familia ya A ya zamani (AE110 na AT192 zina 5A-FE) au AZ ya kisasa, ndio maana unasoma na mstari wa ENGINE hapo chini yake, usikariri tu.

Mwisho wa jina la injini nako kuna habari. F ni hedi (kichwa cha injini) ya kemshafti mbili za kubana matumizi, G ni hedi ya kukimbia, E ni injekta za umeme, T ni tabo (turbo, ile ya kusukumia hewa ndani ya injini). Ukiona S katikati kama FSE, hapo shtuka kidogo, nakuja huko.

Dalili: "Haipandi mlima"

Hii ndio malalamiko namba moja ya gari zilizonunuliwa Dar zikaletwa juu. Kule ilikuwa inatembea vizuri, imefika mlima Kitonga imeanza kulia gia ya kwanza, imefika Mbeya mwenye gari anasema ameuziwa kitu kibovu.

Kabla hujamlaumu mtu, jua kwamba Mbeya mjini ni kama mita 1700 kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo inavuta hewa nyepesi, inapoteza nguvu karibu sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1000 unazopanda. Hiyo ni kwa gari zote, nzima na mbovu, na kama unaishi Makete huko unapoteza zaidi. Kwa hiyo sehemu ya hiyo dalili ni nchi yetu tu.

Sasa ongeza suala la injini. IST NCP60 ina 2NZ-FE ya 1300, farasi 87. NCP61 ina 1NZ-FE ya 1500, farasi 109. Ile 87 huku juu inabaki na kama sabini na kitu, weka watu wanne na gunia la viazi halafu panda barabara ya Chunya kuelekea Kawetire, unategemea nini? Gari haina kosa. Vitz ndio usiseme, kuna SCP10 ya cc 1000 kabisa na NCP10 ya 1300, na zote mbili dalali anakwambia "Vitz". Kwa anayezunguka Uyole mpaka Kabwe SCP10 inatosha sana tu, ila kwa mtu wa kwenda Tukuyu kila siku akiwa na mzigo mimi siishauri.

Dizeli nazo hivyo hivyo. Land Cruiser yenye HZJ kwenye kibati ina 1HZ, cc 4164 lakini haina tabo, ni nzito kupanda ila haisumbui, HDJ ina 1HD yenye tabo na mlima inausahau. Watu wanazichanganya kwa sababu zote ni silinda sita za cc 4164 na zote zinaitwa "mkonga" kijiweni. Subaru Forester SG5 ndio imezidi, kodi (code ya modeli kwenye kibati) ni moja lakini zipo zenye tabo na zisizo na tabo, hapo kodi haikusaidii, tundu la hewa juu ya boneti ndio dalili ya kwanza na yenyewe boneti inabadilishwa, kwa hiyo fungua uone kama kuna kipoza hewa juu ya injini chini ya lile tundu.

Ikiwa kibati kinasema 1NZ-FE na bado gari ya kubeba mtu mmoja haipandi kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini bila kushuka mpaka gia ya kwanza, hapo sasa ni ubovu. Angalia kwa mpangilio huu: filta ya hewa, plagi na koili, pampu ya mafuta na filta yake, masega ya ekzosi (chujio la moshi) kama yameziba (gari inapumua kwa shida, ukikanyaga inaguna tu haiondoki), halafu kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Kompresheni ikiwa chini silinda zote, hapo ni ringi za pistoni, unaongea habari ya ovahoo.

Dalili: "Nimenunua spea ya gari yangu na haiingii"

Umeenda dukani umesema "nipe ya Spacio", jamaa akakupa. Spacio ya NZE121 na ya ZZE122 haziingiliani kwenye mambo mengi ya injini. Hapo hakuna ujanja zaidi ya kumuonyesha muuzaji ile picha ya kibati.

Lakini kuna kesi ya kinyume ambayo inawachanganya hata mafundi. 1NZ na 2NZ zina kipenyo cha silinda sawasawa, milimita 75 zote mbili, tofauti ni urefu wa safari ya pistoni, 84.7 kwa 1NZ na 73.5 kwa 2NZ. Kwa nje ni mapacha. Ndio maana mtu injini ya NCP61 yake inakufa, anawekewa 2NZ ya mtumba, inaingia bila kelele, gari inawaka, tajiri anafurahi, baada ya wiki anasema gari imekuwa nzito. Kifuniko cha plastiki cha juu usikiamini kabisa, hicho kinafunguliwa kwa mkono. Amini namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe, kwa NZ itafute pembeni karibu na pale injini inapoungana na gia boksi, piga tochi, sugua kwa brashi ya waya, itaanza na 1NZ au 2NZ. Kwa wenye Hiace na Hilux za dizeli za zamani, 2L, 3L na 5L zinafanana sana pia, ila cc ni 2446, 2779 na 2986, na kwenye chuma cha bloku jina limesubiwa kabisa, linaonekana ukisafisha.

Dalili: "Asubuhi inatetemeka, ikipata moto inatulia"

Hapa ndipo penye ile S. FSE kwa Toyota maana yake petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, wao wanaita D-4. Mitsubishi nao walitoka na yao mwaka 1996, GDI, ndio hizo Pajero iO na baadhi ya Pajero za 3500. Na tafadhali usichanganye D-4 na D-4D, D-4D ni dizeli ya kwenye Prado na Hilux, watu wanauziwa moja wakidhani ni nyingine.

Kodi za kuangalia: AZT240, AZR60 na 65, ANE10 na 11, ACA21 iliyotoka Japani, na JZX110 yenye 1JZ-FSE. Sio kwamba ni injini mbaya. Kule Japani mafuta ni masafi na sevisi inafanyika, inatumia kidogo na inakimbia. Shida inaanza inapofika huku, petroli ya kwenye vidumu kule vijijini imekaa juani na maji ndani, filta haijabadilishwa tangu meli ishushe.

Sababu za huo mtetemo, ya kwanza ni masizi. Injini ya kawaida petroli inapita juu ya vavu za kuingizia hewa na inaziosha kila siku, hii haipiti hapo, kwa hiyo mvuke wa oili na moshi unaorudishwa vinaganda kwenye vavu na kwenye throto mpaka njia inakuwa nyembamba kama koo la mtu mwenye tonsesi. Asubuhi ya Juni ya huku, baridi kali, hewa haitoshi, injini inayumba, inaweza kuzima mara mbili tatu. Dawa ni kufungua na kusafisha throto na njia za hewa zote, sio kumwaga dawa ya kwenye tangi, dawa ya tangi haifiki kwenye vavu kwa sababu ile ile niliyoisema. Ya pili ni injekta chafu. Ya tatu ndio ya gharama, pampu ya presha ya juu, ile iliyokaa kwenye hedi ikizungushwa na kemshafti. Ikichoka ndani, petroli inavujia kwenye oili. Chomoa stiki ya oili uinuse. Ikinuka petroli na kimo kimepanda juu ya alama wakati hakuna aliyeongeza, acha hiyo gari hapo hapo ilipo, hiyo oili imekuwa maji na beringi za injini zinaliwa kimya kimya.

Kuitambua kwa macho, tafuta bomba la chuma la mafuta linaloingia kwenye pampu juu ya hedi na kelele ya tik tik tik ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa). Kifuniko kimeandikwa D-4 ila kama nilivyosema kifuniko kinatolewa, na gari ikiwa haina kifuniko kabisa jiulize kwa nini.

Jambo moja la kusisitiza kwa dalili hii na nyingine zote: gari uikute ya baridi. Muuzaji mjanja anaiwasha nusu saa kabla hujafika. Ukifika weka kiganja kwenye boneti, ikiwa ya moto mwambie kwa upole "mzee nitarudi kesho saa moja asubuhi, usiiguse". Mwenye gari nzima hatakasirika.

Je, unaikimbia D4? Kwa mtu wa Mbeya mjini mwenye fundi anayeijua na kituo cha mafuta anachokiamini, anaweza kuishi nayo. Kwa mtu wa Makete au Ludewa ndani ndani, chukua NZT au Noah ya 3S-FE ulale. Ndio maana SR40 chakavu bado zina bei nzuri na watu wanashangaa.

Dalili: "Maji yanapungua na chini hakuna tone"

Hii inafuatana na "inachemsha nikipanda Kitonga, kwenye tambarare haina shida". Familia ya AZ, 1AZ na 2AZ (hii ya pili cc 2362, ipo kwenye Harrier ACU30, Ipsum ACM21 na nyinginezo), bloku ni ya alumini, na zile za miaka ya mwanzo zina ugonjwa unaojulikana dunia nzima: nyuzi za bolti za hedi zinang'oka ndani ya bloku, hasa za upande wa nyuma unaoelekea kwenye dashibodi. Bolti inabaki imesimama lakini haibani kitu. Hedi inanyanyuka kidogo sana, maji yanatoka polepole, yanakauka kwenye injini ya moto kabla hayajafika chini, ndio maana huoni tone.

Namna ya kuithibitisha. Injini ikiwa ya baridi piga tochi nyuma ya injini pale hedi inapokutana na bloku, tafuta ukoko mweupe au wa pinki, kama watu walikuwa wanaweka maji ya bomba ukoko utakuwa na kutu. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya baridi, washa, acha ipate moto, kanyaga kidogo kidogo: mapovu yasiyoisha maana yake moto wa silinda unaingia kwenye maji. Bonyeza bomba la juu la rejeta dakika chache baada ya kuwasha, likiwa gumu kama tairi wakati injini bado haijapata moto, jibu umepata.

Na hapa kuna fundi atakwambia "tunabana tu bolti". Nyuzi zimeng'oka, atabana wapi? Atabadilisha gasketi, utalipa, itakaa miezi miwili itarudi. Tiba ni kutoboa upya yale matundu na kuweka bushi za nyuzi za chuma, zote sio zile zilizoharibika tu, kwa mtu mwenye mashine na vipimo, au kutafuta bloku nyingine.

Ila sio kila kuchemsha ni hedi, na hili watu wa huku inabidi wajue. Kwa mwinuko wa Mbeya maji matupu yanachemka kwenye kama nyuzi 94, sio 100. Kinachoyazuia ni presha ya kifuniko cha rejeta. Kifuniko kikichoka raba, gari ambayo Dar ilikuwa inavumilia huku inatapika maji kila mlima. Kwa hiyo anza na vitu vya bei ndogo: kifuniko, kulanti ya kweli badala ya maji, feni, thamostati (na usikubali wakuambie "tuitoe tu", na baridi hii injini haitapata moto wake na itakula mafuta), mapezi ya rejeta yaliyojaa wadudu na majani. Hivyo vikiwa vizima na kibati kinasema 1AZ au 2AZ, ndio uende kwenye hedi.

Dalili: "Inakula oili"

Lita moja kila wiki kadhaa, hakuna inapovuja, ukikanyaga baada ya kushuka mteremko mrefu wa Iwambi nyuma kunatoka wingu la bluu. Kwenye 1ZZ-FE za mwanzo mwanzo huu ni ugonjwa wa kuzaliwa, matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo yanaziba, ringi zinashikana, oili inapanda kuungua. Toyota walirekebisha pistoni baadaye, kwa hiyo ZZE122 au ZZT240 ya 2005 kwa kawaida ni salama kuliko 1ZZ za mwanzo. 2AZ za kuanzia mwaka 2006 hivi nazo zilikuwa na kesi ya kula oili, mpaka Marekani Toyota waliongeza muda wa dhamana kwa ajili hiyo. Kuweka oili nzito ni kuficha, dawa ni pistoni na ringi.

Kwa V6 ya 1MZ-FE na ile 5S-FE ya Harrier ya kwanza tatizo ni lingine, tope. Fungua kifuniko cha kuwekea oili uangalie upande wa ndani na kidole: ukikuta kitu kama grisi nyeusi iliyoganda, huyo mtu alikuwa haamini kubadilisha oili. Utelezi wa rangi ya maziwa kidogo kwenye kifuniko, hasa Njombe na Mafinga miezi ya baridi kwa gari ya safari fupi fupi, unaweza kuwa ni jasho la baridi tu, futa, endesha safari ndefu, angalia tena. Ukirudi tena na maji yanapungua, rudi kwenye dalili ya juu.

Mkanda au cheni

Hii sio dalili ila ni swali la kuuliza siku ya kununua maana dalili yake ikija umechelewa. NZ, ZZ, AZ na RZ za petroli ni cheni. 5A, 7A, 3S, 5S, 1G, 1JZ, 1MZ, na dizeli za C, L, KZ, 1HZ na 1KD ni mkanda, na hesabu ya kawaida ni kubadilisha kila kilomita laki moja. Mita ya gari ya mtumba haina mwenyewe, hivyo ukinunua ya mkanda badilisha tu. 3S-FE na 5A-FE mkanda ukikatika gari inazima, unavutwa, unaweka mwingine unaondoka. Dizeli ukikatika vavu zinagongana na pistoni. 1G-FE ni kichekesho, ile ya zamani inasamehe, iliyokuja 1998 yenye VVT-i na maandishi ya BEAMS haisamehi, na zote zinaitwa 1G-FE, kwa hiyo mwenye GX110 asidanganywe na stori ya mwenye GX90. Cheni nayo ikilia kama mnyororo wa baiskeli sekunde chache za asubuhi, imelegea au oili ni chafu.

Dizeli na moshi wake

Prado KZJ95 na KDJ95 zote ni cc 2982, kwenye kadi hutaona tofauti. KZ ni 1KZ-TE, KD ni 1KD-FTV yaani D-4D. Moshi mweupe asubuhi unaoisha baada ya nusu dakika na unanuka dizeli, kwa baridi ya huku ni hita plagi moja au mbili zimekufa, kitu kidogo. Moshi mweupe usioisha, unanuka mvuke, na maji yanapungua, kwenye 1KZ fikiria hedi imepasuka, ni ugonjwa wake maarufu na inapasuka kwa sababu mtu aliwahi kuiendesha imechemsha. 3C-T ya Noah ya dizeli vile vile.

1KD yenyewe ukiiwasha ya baridi inagonga kama mtu anapigilia misumari, kisha inapungua: washa (zile pete za kuzibia) za nozo zimechoka, moshi wa silinda unapita unaingia kwenye oili, oili inakuwa lami na chujio la chini kwenye sampu linaziba, na hapo injini inakosa oili wakati kimo kwenye stiki kipo sawa. Ukinunua KDJ mwambie fundi ashushe sampu alione chujio kabla hujaisafirisha popote. RZJ95 ya petroli 2700 inadharauliwa kwa ulaji, ila haina hadithi zote hizi.

Namba za kadi hazifanani na za kwenye chuma

Kadi ina namba ya chasisi, namba ya injini na ujazo wake. Linganisha vyote vitatu, na chasisi usisome kibati peke yake, soma iliyogongwa kwenye bodi. Kwa gari za fremu kama Prado na Surf ipo kwenye fremu upande wa kulia karibu na tairi la mbele. Chasisi ikitofautiana ondoka, usijadili bei.

Injini ikitofautiana sio mwisho wa dunia, injini zinabadilishwa na AZR60 nyingi tu zimeshawekewa injini nyingine. Muuzaji atoe risiti ya hiyo injini na aipeleke TRA kadi irekebishwe kwa jina lake kabla ya kuhamisha umiliki, sio wewe ukahangaike nayo baadaye. Halafu fundi aangalie waya na kompyuta ya injini, maana injini ngeni iliyoungwa waya kwa selotepu ndio ile taa ya injini haizimi na kila mashine ya kupimia inasoma kitu chake. Washa swichi bila kupiga stata, taa ya injini lazima iwake, isipowaka kabisa basi balbu imetolewa au imeungwa na taa nyingine.

Na ukiwa bado umeinama hapo kwenye kibati, soma TRANS/AXLE. Ikianza na U au A ni otomatiki ya kawaida, ikianza na K kama K310 ni CVT, inataka oili yake yenyewe na ukiwekewa ile nyekundu ya kawaida itaanza kuteleza. Kama gari ya K inasita kuondoka au inavuma kadri unavyokanyaga, muulize muuzaji aliweka oili gani na amuonyeshe fundi wako kopo.